Kifundo Kooni mwa Bata

Wateja wangu wa bata hapa Baba Dogo ni wa aina mbili. Yuko anayetaka kitoweo cha sherehe, huyo hutaka dume kwa sababu lina nyama. Na yuko anayetaka kuanza kufuga, huyo hutaka majike matano na dume moja la kuyatosha. Wote wakishafika bandani huniuliza swali lile lile: "Mathe, unajuaje?"

Huwa namkamata bata, namweka kwapani na kumfinya kidogo. Akipiga kelele ya kuamsha ploti nzima, ni jike. Akikwaruza kama mtu aliyepotewa na sauti baada ya kesha, ni dume, na ukitazama mkiani utakuta nyoya moja au mawili yamejikunja kwenda juu. Wale wa uso mwekundu wenye vinyama hawana haja ya kufinywa: dume ni jitu zima linalofoka kama nyoka, na jike ni kama nusu ya uzito wake. Vijana wa viwandani hucheka. Wanadhani ni mchezo niliojifunza kwenye simu.

Nilijifunza kwa guka, baba wa mama yangu. Hakuwahi kufuga bata hata mmoja. Aliwapika.

Alikuwa mpishi wa mzungu mmoja upande wa Ol Kalou, shamba ambalo malisho yake yaliteremka hadi ukingoni mwa ziwa Ol Bolossat. Miaka hiyo, kabla ya Hali ya Hatari ya 1952, wageni walikuwa wakija Jumamosi na bunduki za marisau, wanajificha kwenye matete jua likizama, na bata wakirudi ziwani wanawapiga hewani. Asubuhi guka alikuta mizoga imefungwa shingo kwa kamba na kuning'inizwa barazani. Kazi yake ilianzia hapo: kunyonyoa, kupasua, kutoa matumbo, na kupapasa nyama kwa kidole akitafuta marisau yaliyobaki, kwa maana jino la bwana likivunjika mpishi ndiye atakayeulizwa.

Siku moja memsahibu alitaka kumpelekea jirani jozi ya bata. Kwao Uingereza ndege wa mawindo hupelekwa wawili wawili, na jozi ya heshima ni dume na jike. Kwa ndege wao wa porini aitwaye pheasant hilo ni jambo la kutazama tu, dume limevaa rangi za arusi na jike limevaa kanga iliyochuja. Lakini bata waliokuwa barazani siku hiyo walikuwa wale wa mdomo mwekundu na wale wa mdomo wa manjano, ambao mume na mke wamevaa sare moja. Bwana akatazama, wageni wakatazama, kila mtu akatoa rai yake. Mwishowe wakamwita mpishi.

Guka aliwapeleka jikoni, akafunga mlango, akatoka na wawili. "Huyu mume, huyu mke." Njia aliyotumia ilikuwa kutazama chini ya mkia na kubonyeza, nayo hakuwahi kumweleza memsahibu kwa sababu ya adabu. Alichomweleza ni njia ya pili. Ukimpasua bata na kufuata koromeo la hewa mpaka linapogawanyika kuingia mapafuni, dume lina kifundo cha mfupa upande wa kushoto, kitupu ndani, chepesi kama ganda la njugu. Jike halina. Ndicho kinacholifanya dume likwaruze na jike lipige kelele. Wataalamu wa ndege wanakijua kifundo hicho na wana jina lake la Kilatini. Guka alikijua kwa kisu, na alikiita kifundo.

Nimekuwa nikisoma habari za wawindaji wa wakati ule kila ninapozipata, maana mwanangu wa pili alifanya kazi ya kufagia maktaba moja na akanizoesha vibaya. Sir Frederick Jackson, aliyekuwa mtawala Kenya na baadaye gavana wa Uganda, alikuwa mpenda ndege wa kweli; ndiye mmoja wa walioanzisha chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki mwaka 1909, chama kilichozaa jumba la makumbusho la Nairobi. Mwaka 1926 alitoa kitabu kizima cha ndege wa kuwindwa wa Kenya na Uganda, bata wakiwemo. Watu kama yeye walibeba ndege, wakachuna ngozi, wakaandika "dume" au "jike" kwenye kijikaratasi kilichofungwa mguuni. Ukitaka kuwa na hakika na neno hilo moja mara nyingi sharti umpasue ndege. Nami najiuliza ni mara ngapi mkono ulioshika kisu ulikuwa wa mtu mweusi ambaye kijikaratasi hakikuwa na nafasi ya jina lake.

Swali lenyewe la mwindaji, apige dume au jike, lilikuja na meli. Huko Marekani mpaka leo mwindaji ana hesabu ya bata wa siku, na kwa aina ya mallard, yule wa kichwa cha kijani, majike hayaruhusiwi kuzidi moja au mawili. Miaka ya 1970 baadhi ya majimbo yalihesabu kwa pointi: jike la mallard lilikula pointi nyingi kuliko dume, kwa hiyo aliyepiga jike alifunga siku yake mapema. Sababu yao inaeleweka. Jike ndilo linaloatamia peke yake, mbweha hulikuta kiotani, basi madume hubaki mengi kuliko majike. Ukilipiga dume la ziada, vifaranga vya mwaka ujao havipungui sana.

Lete hesabu hiyo Ol Bolossat uone. Kwanza kuna kiza: bata anapita kasi machweo, na hata kichwa cha kijani kingeonekana cheusi. Pili kuna sare niliyoitaja. Wako wanaojitofautisha, kweli. Bata wa kinundu, dume lake lina nundu kubwa juu ya mdomo, halikosewi hata na mlevi. Yule mweusi wa jicho jekundu, jike lake lina alama nyeupe usoni. Lakini wengi wa bata wetu wakazi hawakujisumbua kuvaa tofauti. La tatu ndilo zito zaidi: kwetu baba wengi hawatoroki. Wale bata wapiga mluzi hupokezana kuatamia, mume na mke. Bata bukini wa Misri hulea wote wawili, na ukikikaribia kifaranga chao dume litakufukuza mpaka barabarani. Sasa hapo dume la ziada ni lipi? (Nakumbuka nikimweleza hivi jirani yangu mmoja aliyeachwa na mumewe akiwa na watoto wanne. Akasema bata wana bahati.)

Wageni wa kutoka kaskazini nao wana ujanja wao. Bata mwenye mdomo kama upawa hufika kwetu kuanzia Oktoba, akikimbia baridi. Dume lake nyumbani lina kichwa cha kijani, kifua cheupe na ubavu wa rangi ya matofali. Lakini baada ya kuzaliana hupukutisha manyoya hayo na kuvaa kahawia kama jike, na linafika huku bado limevaa hivyo. Rangi hurudi polepole, na wengi hukamilika mwaka mpya ukishaingia. Basi bwana yeyote wa Novemba aliyetaka kuchagua dume kwa macho alikuwa anachagua gizani hata jua likiwaka.

Uhuru ulipokuja mashamba ya Ol Kalou yalipewa Waafrika. Guka hakupata kipande, hadithi hiyo ni ndefu na si ya bata. Mama alikuja Nairobi, akapata chumba huku, na baba akapata kazi ya zamu katika mojawapo ya viwanda vya barabara ya Baba Dogo. Tarehe 19 Mei 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji wa wanyama nchini. Ndege wa mawindo waliachwa nje ya marufuku ile, na bunduki za marisau zikaendelea kulia kwa miaka mingi, mpaka sheria ya wanyamapori ya 2013 ikafanya uwindaji wa burudani kuwa kosa, pamoja na uwindaji wa kitoweo. Kwa sheria ya leo bwana aliye matetani na mtoto mwenye mtego wote ni wakosaji.

Kuna waliobaki wakivunja sheria kwa njia mbaya kuliko bunduki. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala watu wamekuwa wakitega ndege kwa sumu ya kuulia wadudu, bata wakiwemo, kisha nyama inauzwa. Sumu haiulizi dume wala jike, wala haijali atakayekula. Ndiyo maana mteja akiniletea bata "wa ziwani" wa bei rahisi nimbadilishie na wangu, namfukuza.

Bata wengi wa porini wa jiji hili leo wanaishi kwenye maji machafu yetu. Mabwawa makubwa ya kusafishia majitaka yako Ruai, mashariki ya Dandora, na wapenda ndege huenda huko na darubini kama wengine waendavyo Naivasha. Novemba iliyopita nilimchukua mjukuu wangu, tukapanda matatu. Harufu ni ile ile ya mto wetu pale Korogocho, tofauti ni kwamba kule kuna upepo. Juu ya maji walikuwa wenye midomo ya upawa, mamia, wakizunguka pamoja vichwa vimezama, wakichuja uchafu. Wote kahawia.

Mjukuu akaninyooshea kidole. "Shosho, dume ni yupi?"

Nikatazama kwa muda mrefu. Nikamwambia turudi Januari.