Nani Ataaminiwa? Taharuki na Kiwewe cha Utotoni katika Riwaya ya Darling Girls

Jessica, Norah na Alicia wamekua wakiambiwa kwamba wana bahati. Kila mmoja alifikwa na msiba wa kifamilia, kisha wote watatu wakalelewa na mama mmoja, Bi Fairchild, katika shamba la kupendeza liitwalo Wild Meadows. Hawana undugu wa damu, ila udada wao umeshikana kuliko wa tumbo moja. Katika riwaya hii ya mwandishi wa Australia, Sally Hepworth, iliyotoka mwaka 2023, mifupa ya binadamu inafukuliwa chini ya nyumba ile, na polisi wanawaita mabinti hao, sasa watu wazima. Msomaji atauliza: mifupa ni ya nani? Makala haya yanadai kwamba taharuki yenyewe imo katika swali jingine: nani ataaminiwa?

Tuanze na neno bahati. Katika riwaya hii bahati ni deni: mtoto aliyeokolewa akilalamika, huonekana hana shukrani. Methali yetu husema kuzaa si kazi, kazi kulea. Inampa mlezi heshima anayostahili, lakini heshima hiyo yaweza pia kuwa pazia. Nyuma ya pazia la Wild Meadows kuna amri zisizotabirika na hofu ya kila siku. Wasichana wanapothubutu kusema, wakimtaja mtoto mdogo aitwaye Amy, wakubwa wanahitimisha kwamba Amy hakuwahi kuwapo. Watoto watatu wamesema jambo moja, na neno la mlezi mmoja limewazidi uzito.

Umbo la riwaya linabeba hoja hiyo. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, huja kutoka nje ya mkasa na kuufumbua kwa akili zake. Hapa usimulizi unapokezana kati ya dada hao, na kati ya zamani na sasa. Kila mmoja ana kipande tu cha kweli. Hivyo ndivyo kiwewe kinavyokumbukwa. Kiwewe kingine kimebaki mwilini: Jessica, ambaye kazi yake ni kupanga nyumba za watu, anategemea vidonge vya kutuliza wasiwasi, Norah hujibu kwa ngumi, Alicia, ofisa wa ustawi wa jamii, huwapigania watoto wa wenzake ilhali haamini kwamba yeye mwenyewe anapendeka.

Hapa pia ndipo penye udhaifu. Kila dada amegawiwa dalili yake, na mara nyingine dalili inatangulia mtu. Hata hivyo, Hepworth anajikomboa kwa sura fupi zinazotokea katika ofisi ya daktari wa akili. Mgonjwa ambaye hatutajiwi jina mara moja anasimulia utoto wa mateso, na daktari anamsikiliza. Sikio hilo ndilo wasichana wa Wild Meadows walilolikosa.

Atakayesema huu ni utiaji chumvi wa riwaya pendwa aitazame historia ya Australia yenyewe. Tarehe 16 Novemba 2009, Waziri Mkuu Kevin Rudd aliwaomba radhi, kwa niaba ya taifa, Waaustralia waliolelewa katika vituo na nyumba za walezi wakateswa. Watoto waliopitia malezi hayo katika karne ya 20 wanakadiriwa kufika 500,000. Tume ya kifalme iliyochunguza unyanyasaji wa kingono wa watoto katika taasisi, na kumaliza kazi mwaka 2017, ilibaini kwamba waathirika walichukua wastani wa takriban miaka 24 kabla ya kumweleza mtu.

Kwa hiyo kuchelewa kwa ukweli katika Darling Girls si hila ya mwandishi ya kumshika msomaji tu. Ndiyo kasi halisi ya ushahidi wa mtoto aliyenyamazishwa. Mifupa ilipofukuliwa, polisi walirudi kuwauliza mabinti wale wale waliokwisha kusema zamani.