Kichocho cha Ziwa Viktoria: Hukumu ya Kutawadha Mwaloni na Namna ya Kujikinga, Bukoba na Muleba

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kichocho tukijuacho sisi wa Unguja na Pemba ni cha kukojoa damu. Cha Ziwa Viktoria ni ndugu yake, lakini si hicho. Kule Bukoba na Muleba minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo, na mayai hutoka na haja kubwa. Kwa hiyo mwenye watoto huko asingoje kuona mkojo mwekundu. Aangalie tumbo linalosokota, kuharisha kwa mara kwa mara na damu chooni. Ugonjwa ukiachwa kwa miaka huharibu ini, bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na mgonjwa huweza kutapika damu. Wako waliopelekwa kwa waganga kwa dhana kwamba wamerogwa, na dawa yao iko kituo cha afya.

Yai likifika ziwani hutoka kijidudu kinachomtafuta konokono wa maji baridi. Ndani ya konokono huyo huzaliana kwa wiki kadhaa, kisha hutoka vijidudu vingi visivyoonekana kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyotoboa ngozi kwa dakika chache tu, mtu akioga, akifua, akivuta nyavu au akitawadha. Havihitaji kidonda. Visipompata mtu, hufa ndani ya siku mbili hivi.

Suala: Sisi wa Bumbire, Ikuza, Goziba, Kerebe na Mazinga maji yetu ni ziwa. Je, yamekuwa najisi? Udhu wake unasihi?

Jawabu: Ziwa ni tohara. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, maji yaliyofika kulateni, takriban lita 200, hayanajisiki ila najisi ikiyabadilisha rangi, ladha au harufu. Sembuse ziwa zima. Udhu unasihi, sala inasihi, wala hakuna cha kulipa. Lakini tohara ni jambo moja na usalama ni jingine. Kijidudu hiki hakibadilishi rangi wala harufu, kwa hivyo vipimo vyetu vya fiqhi havikigusi. Hapo tunarudi kwenye mafundisho ya Mtume (s.a.w.) ya kutojidhuru wala kudhuriana: mwenye uwezo wa kuchota na kuyaweka maji asiingie ziwani kutawadha.

Suala: Basi tutayamamu?

Jawabu: Hapana, maadamu yapo maji na ipo njia ya kuyatumia bila madhara. Yachoteni, myaweke siku mbili kamili katika pipa lenye mfuniko, konokono asiwemo. Msikiti wa mwaloni unatosheka na mapipa matatu: lililojazwa Jumatatu asubuhi hufunguliwa Jumatano asubuhi, na mengine hufuata kwa zamu. Anayechota asimame juu ya gati au jiwe, asizamishe miguu penye majani. Maji ya kunywa ni shani nyingine. Hayo yachemshwe, kwani kukaa siku mbili hakuyaondolei kipindupindu wala homa ya matumbo.

Kubwa kuliko yote ni haja kubwa. Mtume (s.a.w.) amekataza kukojoa katika maji yaliyosimama, na katika hadithi ya Muadh aliyoipokea Abu Daud ametahadharisha juu ya kujisaidia penye maji wanayoyaendea watu, akapataja pamoja na njiani na kivulini kuwa ni mahali panapoleta laana. Wanavyuoni wamekhitalifiana kuhusu maji mengi, ila hapa madhara yamethibiti, na madhara huondoshwa. Mvuvi anayejisaidia kando ya mtumbwi anawatilia watoto wa mwaloni ugonjwa. Najua visiwa vile vina miamba na kuchimba shimo ni tabu, na ziwa lilipopanda mwaka 2020 na tena 2024, choo cha ufukweni hakikuwa na usalama. Basi choo kijengwe juu, mbali na maji, hata kikiwa cha jumuiya nzima.

Dawa ni prazikwanteli, na idadi ya vidonge hupimwa kwa uzito au kwa ubao wa urefu. Huliwa baada ya chakula. Kizunguzungu na kichefuchefu hupita. Inaua minyoo mikubwa, haiui michanga, wala haimkingi mtu akirudi majini, kwa hivyo hurudiwa. Hapa kwetu mradi wa kutokomeza kichocho ulioanza 2012 ulitoa dawa mara mbili kwa mwaka kwa wakubwa na wadogo, na baadhi ya shehia zikaongezewa kuua konokono au elimu. Maambukizi yalishuka sana, ila hayakwisha. Tatizo la dawa inayogaiwa skuli peke yake ni kuwa mvuvi na mama wa nyumbani hawaipati. Waiulizie wenyewe, maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unawaingiza watu wazima, watoto kuanzia miaka miwili, na wajawazito waliopita miezi mitatu ya mwanzo.

Mwezi wa Ramadhani dawa hii inafunguza saumu, basi imezwe usiku baada ya kufuturu, na siku za kugawa ziombwe jioni.

Wallahu a'lam.