Kahawa ya Ofisi Ilivyotuletea Kamera ya Intaneti

Wasee, kabla hatujajua kwenda laivu, kulikuwa na birika moja la kahawa.

Turudi 1991. Maabara ya kompyuta, Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Watafiti walikuwa na kahawa ya pamoja, na birika lilikaa karibu na chumba kilichoitwa Trojan Room. Shida ni kwamba wengine walifanyia kazi orofa zingine. Unapitia ngazi zote hizo na kikombe mkononi, kufika unapata birika kavu. Wa karibu walimaliza kitambo.

Basi Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakaelekeza kamera kwa birika, wakaandika programu ya kuonyesha picha kwenye kompyuta za wenzao. Picha ilikuwa ndogo, haina rangi, na ilibadilika kama mara tatu kwa dakika. Lakini ilitosha kukuambia kama kuna kitu. 1993 ikaingia kwenye intaneti, na watu ambao hawangeonja hata tone wakaanza kuitazama. Ilizimwa 2001, birika likauzwa eBay kwa zaidi ya pauni 3,000.

Sasa linganisha na hii. 2006, watafiti wa Newcastle walichapisha matokeo ya jaribio lao. Palikuwa na chai na kahawa ya ofisi, na kisanduku ambacho kila mtu anatia pesa mwenyewe. Wiki zingine walibandika juu yake picha ya macho, zingine picha ya maua. Wiki za macho, watu walilipa karibu mara tatu.

Ofisi zetu nyingi zimechagua njia ya macho. Unapata karatasi ukutani: "Kikombe kimoja tu!" Saa nne ikifika, kila mtu anamwangalia aliyechukua mandazi mawili. Manze, hakuna anayeuliza kuhusu soja wa geti, ama mama anayeosha ngazi, ambaye hufika akapata chupa ya chai imebaki majani.

Mimi nasimama na Cambridge. Wao hawakuanza kwa kutafuta mwizi wa kahawa. Walianza na yule aliye mbali, ambaye hukosa kila siku. Chai ya bure si ya bure kama inategemea meza yako iko wapi.

Kwa hivyo kesho, kabla ya kujaza kikombe cha pili, uliza kama soja amepata cha kwanza.