NCHI YA KILIMANJARO NA ASILI YA USHIRIKA WETU

Tunapoadhimisha kuanzishwa kwa chama chetu kikuu, twaona yafaa kuwakumbusha wanachama na watumishi wa vyama ya kwamba ushirika katika mlima huu haukuanza na mizani wala stakabadhi. Kabla ya kahawa wazee wetu walikuwa na mifongo, yaani mifereji iletayo maji kutoka makorongo ya juu hata vihambani. Kila mfongo ulikuwa na watu wake na zamu zake. Asiyefika siku ya kuusafisha alitozwa faini, mara nyingi pombe ya mbege, au alinyimwa maji. Hesabu hizo hazikuandikwa popote, wala hatukupata kusikia kuwa zimepotea. (Haya twayaandika baada ya kutafuta daftari moja la ghala kwa siku tatu.)

Wamangi walikuwa wengi, nao hawakupatana. Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, alifanya mkataba na Wadachi mwaka wa 1885, hali Sina wa Kibosho alikuwa adui yake mkubwa. Meli, mwana wa Rindi, aliwashinda Wadachi vitani mwaka wa 1892. Mwaka uliofuata wakamshinda, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga huko huko Moshi ya Kale pamoja na wakuu wengine. Kichwa chake chasemekana kilipelekwa Ujerumani, na wazao wake wamekitafuta kwa miaka mingi.

Reli ya Tanga ilipofika mwaka wa 1911, mji mpya ulijengwa chini tambarare, na jina la Moshi likashuka nao.

Kahawa ililetwa na mapadre wa Kilema. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wachagga waliipanda kwa wingi, wakitiwa moyo na Bwana Charles Dundas, mtawala wa wilaya, ingawa walowezi wengi walichukia. Ili kulinda haki yao, wakulima walianzisha chama cha KNPA mwaka wa 1925, rais wake Joseph Merinyo. Na mwaka wa 1933 mahali pake pakashikwa na KNCU.

Ukurasa mbaya hatutauruka. Sheria ilimlazimisha mkulima kuuza kahawa yake kwa KNCU peke yake, na bei ilipoanguka wengi waliona kuwa chama si chao tena, bali ni cha serikali na Wamangi. Mwaka wa 1937 ghasia zikazuka, na baadhi ya majengo ya vyama yakashambuliwa. Waliofanya hivyo hawakuwa wezi, walikuwa wakulima.

Katika mkutano mkuu uliopita mzee mmoja alisimama akauliza kwa nini malipo ya pili yamechelewa. Karani mmoja akacheka. Mzee akamtazama, akasema, "Mwanangu, baba yangu alikuwapo mwaka wa 37," kisha akaketi. Malipo yalitolewa wiki ile ile.