Uduvi wako ana minyoo? Mwangalie vizuri kabla hujamwaga dawa

Leo naweka pembeni siasa na bei ya pamba, naongelea uduvi. Ndiyo, wale wale wadogo wa Ziwa Victoria ambao wengi tunawajua wakiwa wamekauka, wamechanganywa na dagaa kwenye chakula cha kuku. Wapo watu wanawafuga wakiwa hai kwenye chupa na matangi ya kioo, na mimi wa hapa Didia ni mmoja wao. Msinicheke.

Jina lake la kitaalamu ni Caridina nilotica. Ana urefu wa sentimita 2 hivi, mwili unaopitisha mwanga, na kutwa nzima anaokota okota uchafu kwenye majani. Ziwani alikuwepo tangu zamani, ila furu walipoisha kwa kuliwa na sangara miaka ya 1980 yeye akaongezeka kwa sana, mpaka akawa chakula kikuu cha sangara wadogo. Kwa hiyo siyo mdudu wa kudharau.

Naandika haya kwa sababu wangu wa kwanza niliwaua mwenyewe. Mtoto wa mama mdogo aliniletea 22 kwenye dumu kutoka Mwanza. Wiki ya pili nikaona mmoja ana punje chini ya tumbo, kama ulezi, za kijani iliyofifia. Nikajua tayari, mayai ya minyoo. Nikaenda kwenye duka moja la pembejeo, muuzaji akanipa mrututu, akasema hiyo ni kiboko ya kila kitu. Nikatia chembe tu, wala maji hayakubadilika rangi. Asubuhi wote 22 walikuwa wamelala ubavu. Mrututu una madini ya shaba, na uduvi, kaa na kamba hawaivumilii shaba hata kwa kiasi ambacho samaki atakiona cha kawaida. Na zile punje? Yalikuwa mayai yake mwenyewe. Jike la uduvi hubeba mayai chini ya tumbo, kwenye miguu ya kuogelea, mpaka yaanguliwe. Nilimuua mama mjamzito kwa kumtibu mimba.

Tangu hapo utaratibu wangu ni huu: siweki kitu chochote kwenye maji mpaka nijue ninachokiona ni nini. Unamhamishia uduvi kwenye glasi safi yenye maji yake yale yale, nyuma unaweka karatasi nyeusi, unamulika na tochi kutoka ubavuni. Piga picha nyingi na simu, halafu zikuze. Mimi niliazima lenzi ya kukuzia kwa kaka mmoja wa Maganzo, zile wanazotumia madalali kukagulia almasi. Inakuza mara 10, na kwa kazi hii inatosha kabisa. Ukishamwona vizuri, jiulize kile kitu kiko wapi kwenye mwili, kinatikisika chenyewe au hapana, na akijivua gamba kinaondoka nalo au kinabaki. (Kujivua gamba kweli, siyo ile ya CCM ya 2011.)

Tuanze na weupe, maana ndio unaowatisha wengi. Ukiona kama ukungu au pamba fupi kwenye pua, miguu au mgongo, mara nyingi ni Vorticella. Ni viumbe vya chembe moja, kila kimoja kama kengele juu ya kamba. Ukigonga glasi kidogo wakati unaangalia kwa lenzi, zile kamba zinajikunja ghafla halafu zinanyooka taratibu. Hawa hawamnyonyi uduvi. Wamepanda tu kama abiria, wanakula bakteria walio kwenye maji. Wakiwa wengi ujue maji yako ni machafu, unalisha kupita kiasi. Punguza chakula, badilisha maji kidogo kidogo, gamba likivuliwa wanaondoka nalo. Litoe hilo gamba haraka.

Kuna weupe mwingine ambao siyo ukungu bali ni vijiti vifupi kama nywele zilizokatwa, vimesimama kwenye ncha ya pua, vinajinyoosha na kujirudi, kila kimoja kinafika milimita 1 hivi. Huyo ni Scutariella, mnyoo bapa wa Asia Mashariki. Husafiri na wale uduvi wekundu wa mapambo wanaouzwa duniani kote. Ukiwa na wa Ziwa Victoria peke yake, usikimbilie kumtaja yeye. Anakaa pia kwenye mashavu, na mayai anayataga humo, ndiyo maana wafugaji wanasisitiza gamba litolewe lisije likaangua minyoo mipya. Wengi huwaogesha kwa chumvi: kijiko cha chai kimoja, kisifurike, kwenye kikombe cha maji ya tangi, uduvi anakaa sekunde 30 hadi 60 kisha anarudishwa. Pima na saa. Chumvi inaua minyoo iliyo nje, mayai yanabaki, kwa hiyo zoezi linarudiwa.

Weupe wa tatu ndio mbaya. Hauko juu ya gamba, uko ndani ya nyama. Mkia unakuwa kama wa uduvi aliyechemshwa wakati bado anatembea. Inaweza kuwa mikrosporidia, vimelea vinavyozaliana ndani ya misuli, na dawa ya uhakika hakuna. Ila uduvi aliyechoka na safari au anayekaribia kufa naye huwa mweupe hivyo hivyo. Mtenge, mwangalie siku kadhaa. Akifa usiwaachie wenzake wamle.

Sasa kijani, ugonjwa wangu mimi. Mayai ni duara, kila punje unaiona peke yake, jike anayapepea kwa miguu, na karibu na kuanguliwa utaona vidoti vya macho ndani. Lakini upo mwani unaoitwa Cladogonium, ulielezwa kwanza Japani, nao unaota hapo hapo katikati ya miguu ya kuogelea. Kwenye mitandao wafugaji wameuita kwa jina la kundi lingine kwa miaka mingi, na hiyo imevuruga watu. Wenyewe ni nyuzi, siyo punje, rangi ya kijani kuelekea njano, na unaweza kuukuta hata kwa dume au mtoto. Huu ni kimelea kweli, mizizi yake inaingia mwilini. Ukiuona, mweke huyo uduvi kwenye chombo chake na maji yake usiyarudishe kwa wenzake.

Uvimbe wa shavu moja tu, kama mtu mwenye jipu la jino, ni habari nyingine: kuna kimelea jamaa ya kamba wenyewe anayejibanza chini ya gamba la shavu. Huyo ni zaidi wa kamba wa baharini na wa mito inayoshuka baharini, kwa hiyo ndugu zetu wa Pwani ndio wamwangalie.

Na wale wanaotambaa kwenye kioo? Mwembamba kama uzi, anajinyonganyonga majini, hana neno, anakula uchafu. Mwenye kichwa cha pembetatu na macho mawili, anayeteleza kama konokono asiye na nyumba, ni planaria, na huyo hula watoto wa uduvi. Haidra anashika kioo kwa mguu mmoja na kutandaza mikono, naye huchoma wadogo. Hao ni wawindaji, siyo vimelea.

Msiniambie kutofautisha abiria na mnyonyaji ni mambo ya wazungu wenye muda. Mwaka 1950 watafiti nchini Kenya walitangaza kwamba funza wa inzi mmoja mweusi, Simulium neavei, waliotafutwa muda mrefu kwenye mawe ya mito, kumbe wanakaa wamejishika kwenye migongo ya kaa wa mtoni. Kaa hawamli. Ila wakikua inzi wao ndio wanaeneza usubi, ule ugonjwa unaopofusha watu. Kaa alikuwa hana tatizo, tatizo lilikuwa letu.

Na kwa uduvi ni hivyo hivyo, hapa ndipo naomba tusikilizane. Kimelea cha kuogopa kuliko vyote nilivyotaja wala hakimgusi uduvi. Ni kichocho. Uduvi hakupi kichocho, maji unayoingia kumvua ndiyo yanakupa, na konokono wanaokuja wamejificha kwenye majani ya dumu lako. Angalia wawili. Biomphalaria ana nyumba bapa iliyojizungusha kama kamba iliyokunjwa sakafuni, huyu anahusika na kichocho cha tumbo kule ziwani. Bulinus ana nyumba fupi yenye ncha, na ukiishika ncha ikiwa juu mdomo unakutazama, mlango uko kushoto. Huyu yuko hata kwenye malambo yetu ya Shinyanga, na anahusika na kichocho cha mkojo.

Kwa hiyo dumu likifika usitie mkono. Hamisha uduvi kwa kichujio cha chai, majani yale yatupe juani, mbali na lambo, konokono waponde kwa jiwe bila kuwashika. Maji ya ziwani yasiyo na konokono yakikaa siku mbili, wale vijidudu wanaopenya ngozi wanakuwa wamekufa, ila mimi namwaga tu yote ardhini pakavu. Yangu natumia ya bomba ya chanzo cha Ihelele, nayaacha kwenye ndoo wazi saa 24 klorini ipungue. Yule ndugu yangu anayeingia ziwani mpaka magotini nilimwambia akapime choo zahanati. Alikutwa nacho, akapewa prazikwanteli. Tangu hapo anavulia kwenye mtumbwi.

Sasa hivi ninao 14. Mmoja ana kijiti cheupe puani tangu Jumapili na sijaona kikijinyoosha. Nasubiri ajivue. Mwenye picha ya wa kwake aiweke hapo chini, ila aseme na maji kayatoa wapi.