New Lanark: Mishahara Mashine Zikiwa Zimesimama

Kijiji cha New Lanark kiko bondeni kabisa, kando ya mto Clyde, huko Uskoti. Maporomoko ya mto huo ndiyo yaliyomvuta David Dale, tajiri wa Glasgow, na mwaka 1786 mashine zake zikaanza kusokota pamba kwa nguvu ya maji yaliyopitishwa kwenye handaki lililochimbwa mwambani. Wafanyakazi wengi walikuwa watoto, wakiwemo yatima. Waliingia kazini saa kumi na mbili asubuhi, wakatoka saa moja usiku, kisha ndipo waende darasani.

Mwaka 1800 usimamizi ukashikwa na Robert Owen, mkwe wa Dale, mzaliwa wa Wales. Watu hawakumwamini. Ndipo Marekani ikazuia bidhaa zake zisiuzwe nje, pamba ikapanda bei mno, na Owen akasimamisha mashine kwa miezi minne. Hakumpunguza mtu. Wote walilipwa mshahara kamili kwa kuzitunza tu mashine, na kwa maelezo yake mwenyewe gharama ilizidi paundi 7,000. Wengi humsifu kwa shule aliyoifungua mwaka 1816, ambako watoto wadogo waliimba, wakacheza ngoma na kujifunza kwa ramani kubwa bila kuchapwa. Mimi naipa uzito zaidi ile miezi minne. Nimekulia Usukumani, kwenye familia ya wakulima wa pamba, na najua msimu usio na malipo unavyoivuruga nyumba.

Alikuwa na ukali wake pia. Kando ya kila mfanyakazi kilining'inia kibao kidogo cha mbao chenye pande nne: nyeusi kwa kazi mbovu, bluu kwa ya wastani, njano kwa nzuri, nyeupe kwa bora kabisa. Upande uliotazama mbele ulionyesha kazi ya jana, na kila apitaye aliuona. Aliyehisi kaonewa aliruhusiwa kumfuata Owen mwenyewe.

Duka la kijiji nalo lilinunua kwa jumla na kuuza kwa bei nafuu, faida ikasaidia shule. Fikra za Owen ziliwagusa wafumaji wa Rochdale walioanzisha duka lao la ushirika mwaka 1844, na vyama vyetu vya ushirika vina nasaba hiyo.

Lakini sehemu kubwa ya pamba ya New Lanark ililimwa na watumwa wenye asili ya Afrika, ng'ambo ya Atlantiki. Miezi ile minne, wao hawakulipwa hata senti. Kila anayeandika habari za kijiji hiki anapaswa kuwataja.