Mwili unapoongoza kompyuta: Sanaa ya mwendo na funzo la sengenya

KATIKA sengenya, ngoma ya Wadigo wa Kwale, nzumari hulia, ngoma na upatu hujibu, nayo mabega ya wachezaji hutikisika kwa kufuata mdundo. Muziki huongoza, mwili ukafuata. Lipo tawi la sanaa ya kidijitali lililougeuza mpangilio huo: mwili ndio huongoza, na sauti, mwanga na picha vikafuata.

Kazi za aina hiyo hazikamiliki pasipo mtu. Mtazamaji anapoingia ukumbini, kamera humwona, kompyuta huupima mwendo wake, kisha programu huugeuza kuwa rangi ukutani au sauti kwenye vipaza sauti. Akisimama kimya, nayo kazi hutulia.

Mmoja wa waasisi wake ni Mmarekani Myron Krueger, aliyeanza majaribio mwaka 1969 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Katika kazi yake Videoplace, aliyoiendeleza tangu miaka ya 1970, kivuli cha mtazamaji kilioneshwa kwenye skrini na kucheza na maumbo yaliyochorwa na kompyuta.

Mkanada David Rokeby aliugeuza mwendo kuwa muziki. Kazi yake, Very Nervous System, ilioneshwa Venice, Italia, mwaka 1986. Mwaka 1999, Camille Utterback na Romy Achituv walitengeneza Text Rain, ambamo herufi huanguka kama mvua na kutua juu ya mikono na vichwa vya watazamaji.

Njia ya msingi ni nyepesi kueleza. Kamera hupiga picha nyingi kwa kila sekunde. Kompyuta hulinganisha kila picha na iliyotangulia. Palipobadilika ndipo penye mwendo. Msanii huamua mabadiliko hayo yazae nini: mkono ukipanda, sauti ipande, hatua ikiharakishwa, rangi iwake.

Awali vifaa vilikuwa ghali. Mwaka 2010 kampuni ya Microsoft ilitoa Kinect, kamera ya michezo ya video iliyoweza kupima umbali wa mwili, na wasanii wengi wakaichukua. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 2017, lakini kufikia wakati huo zilikwishapatikana programu, kama OpenPose, zenye uwezo wa kutambua viungo vya mwili kwa kutumia kamera ya kawaida.

Wazo lenyewe si geni katika mwambao. Njuga zinazofungwa miguuni hugeuza kila hatua kuwa sauti. Huko Pemba, ngoma ya msewe imepata jina lake kutokana na manyanga yanayofungwa miguuni mwa wachezaji.

Tofauti ni kwamba njuga haziweki kumbukumbu. Mchezaji akiketi, sauti imekwisha. Kompyuta inayoyapima mabega ya mcheza sengenya inaweza kuhifadhi vipimo hivyo, na baadaye mwendo huohuo ukavishwa kikaragosi katika mchezo wa video au tangazo la biashara, bila mwenyewe kuwapo wala kulipwa.

Suala hilo halikuachwa nje ya sheria. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni inazitaja ngoma miongoni mwa yanayolindwa. Inataka jamii husika iridhie kwanza, na itambuliwe kuwa chimbuko la kazi hiyo. Serikali za kaunti nazo zimepewa wajibu wa kuweka rejista ya urithi huo.

Kwale haina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu ulioko Diani, ni miongoni mwa makaya ya Wamijikenda yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni hukaribishwa, lakini huingia akiwa na mwongozaji, amejifunga kitambaa cheusi, na hutii miiko ya wazee.

Msanii anayekwenda Diani au Msambweni na kamera yake angefaa kupita njia hiyohiyo. Kabla ya mchezaji wa kwanza kutikisa bega, yakubaliwe mambo manne: kinachorekodiwa ni nini, kitahifadhiwa wapi, kitatajwa kwa jina la nani, na malipo yatamfikia nani. Mdundo ukishaingia ndani ya kompyuta, kuurudisha kwa wenyewe ni kazi ngumu.